Betri ya Mjomba na Daftari la Dakika

Kila siku akitoka shule saa saba mchana, Dakika alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake. Alitupa mkoba chini ya meza ya kukatia, kisha akapitisha sumaku sakafuni kuokota pini zilizodondoka. Jina lake la shule lilikuwa jingine, lakini nyumbani lilishasahaulika. Ukimwita alijibu, "Dakika moja!" na dakika yake hiyo ungeweza kuinjikia maharage yakaiva.

Mama yake alikuwa fundi hodari. Kwa miaka mitatu alijinyima, akaweka akiba ya kununua cherehani ya kudarizi. Akiba hiyo ndiyo iliyomleta mjomba, mdogo wake mama, mhandisi kijana mwenye maneno mengi na viatu vilivyoachama. Aliingia amebeba kisanduku chenye ukubwa wa tofali.

"Dada, hii ndiyo betri yetu," alisema. "Wengine wanatumia madini ya bei mbaya. Sisi tunatumia kitu kinachopatikana kwenye chumvi ya kawaida! Kampuni bado changa, tuko watatu tu kwenye chumba cha kupanga. Ukituwekea akiba yako sasa, utakuwa na hisa. Tukifanikiwa, utanunua cherehani kumi."

"Na msipofanikiwa?"

Mjomba alikuna kichwa. "Basi, dada, hela itakuwa imekwenda na maji."

Mama alicheka. "Angalau husemi uongo. Lakini mimi sinunui mbuzi kwenye gunia, hata gunia likiwa la mdogo wangu. Iache hapa siku thelathini tuipime."

Wakapatana hivi: betri itachajiwa usiku, na saa sita mchana mama ataitumia kuwashia taa ndani ya stoo ya vitambaa. Dakika ataandika daftarini saa ambayo taa imezimika. Ikiwa siku ya thelathini taa itakuwa bado inafika saa kumi, mama atatoa akiba yake yote.

Siku za mwanzo Dakika alikaa stoo ametulia kama kuku anayeatamia. Taa ilizimika saa kumi, au dakika chache baadaye. Wiki ya tatu akachoka. Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba, na kicheko chao kilipenya hadi stoo. Siku ya kumi na tisa akatoroka, na aliporudi akakuta taa imeshazimika. "Jana ilikuwa saa kumi," alijiambia, "na leo itakuwa hivyo hivyo." Akaandika. Kesho yake ilikuwa rahisi zaidi. Mwishowe akawa anaandika kabla hata ya kutoka kwenda kucheza.

Siku ya thelathini mjomba alikuja ametia mafuta nywele. Mama alivaa miwani, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Haijashuka hata kidogo," alisema. Akafungua kabati, akatoa kopo la akiba na kuliweka mezani.

Dakika alilitazama lile kopo, akakumbuka vidole vya mama vilivyochomwa sindano kwa miaka mitatu. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, lakini akapiga moyo konde.

"Mama, dakika moja."

"Hata leo?"

"Hizo namba za mwisho si za kweli. Siku kumi na mbili sikuiangalia taa. Nilikuwa naruka kamba. Niliandika tu."

Mama alivua miwani, akalifunga daftari. Mjomba ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo, "Lakini dada, huenda kweli ilikuwa inafika saa kumi."

"'Huenda' haishoni nguo," mama alijibu, akalirudisha kopo kabatini.

Machozi yalikuwa yakimtoka Dakika, lakini hakuinamisha kichwa. "Mjomba, niletee betri nyingine mpya kama hii. Nitapima upya tangu siku ya kwanza. Sitatoka stoo mpaka taa izimike."

Na kweli hakutoka. Wenzake walimwita dirishani, wakamtania kwamba ameolewa na taa. "Kamba haitaoza," aliwajibu, akaendelea kukaa. Hata siku zisizo za shule alikuwepo. Safari hii aliandika zaidi ya saa. Siku ambazo jua lilichoma bati la stoo, aliigusa betri, akaandika: "Leo ni ya moto, mkono haukai."

Siku ya kumi na tisa taa ilizimika saa tisa na nusu. Siku ya ishirini na tano, saa tisa kasorobo. Siku ya thelathini haikufika hata saa nane na nusu. Dakika alimkabidhi mjomba daftari huku akimhurumia.

Mjomba alisoma mara moja, akarudia. Ghafla alipiga paja. "Joto! Inashuka kila baada ya siku za joto! Miezi minne tumeipima kwenye chumba chenye kivuli, hatukuona kasoro yoyote, kumbe kisanduku chetu kinaipika betri! Dada, umezaa mhandisi."

"Nimezaa mtoto aliyekubali kuaibika," mama alisema. Akatoa kopo, akatenga hela ya cherehani, na kilichobaki, kiasi kidogo tu, akampa mjomba. "Hiki hata kikipotea, tutakula na kulala. Katengeneze kisanduku kinachopitisha hewa. Ukija na betri inayomaliza siku thelathini za joto, tutazungumza tena."

Kisha akamgeukia binti yake. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Namba zako za uongo zilitufurahisha sote kwa siku moja, na zingenilia akiba ya miaka mitatu. Za kweli zimetuuma, lakini zimeokoa hela yangu na kumwonyesha mjomba wako pa kurekebisha. Ukipewa kazi ya kuangalia, angalia. Ukikosea, sema mapema."

Baada ya wiki sita, cherehani mpya ilikuwa ikinguruma mezani mjomba alipoingia na kisanduku chenye matundu ubavuni.

"Dakika!" mama aliita.

"Nimeshafika, mama," sauti ilijibu kutoka stoo. Alikuwa ameketi kigodani, daftari magotini, amekwisha andika juu ya ukurasa mpya: Siku ya kwanza.