Mizani Alivyonipima

"Udaktari sahau, mama. Nafasi yako ni mbili kwa mia, na hizo mbili nimekuongezea kwa sababu nakupenda."

Mchumba wangu aliyasema hayo huku anachokonoa meno, miguu kaipandisha mezani, karatasi yangu ya matokeo iko pajani kwake. Watu walimwita Mizani. Kazi yake ilikuwa kufundisha baiolojia, lakini jina alilipata kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, ambako alipima nafasi za watu wanaoomba kusomea udaktari. Unamtumia alama zako, naye anakujibu kwa sauti nzito kama anatangaza msiba: wewe utapata, wewe katafute kazi nyingine. Vijana walimwamini kuliko baba zao. Yeye mwenyewe aliwahi kuomba akakataliwa, na kule kukataliwa alikugeuza kuwa sifa. Eti aliyeanguka ndiye anayelijua shimo.

Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Nilitaka kuwa daktari kuliko nilivyotaka harusi, ila hilo nilikuwa sijawahi kulitamka mbele yake.

"Kwani alama zangu zina kasoro gani?" nilimuuliza.

"Hazina kasoro. Ni za kawaida tu."

"Kemia nina A."

"A siku hizi kila mtu anayo, kama simu."

"Na miaka yangu ya wodini?"

"Wanatafuta madaktari, mpenzi. Hawatafuti watu wa kubadilisha nepi."

Akanipigapiga bega, kama mtu anayembembeleza mbuzi aingie zizini.

"Dirisha la maombi linafungwa Jumapili. Liache lifungwe, sisi tupange harusi yetu. Ukiomba ukakosa, utaniaibisha. Watasema Mizani anapima wa watu, wa kwake kamshinda."

Nilimpenda yule mwanaume, tena kwa ujinga wangu wote. Nilichukua karatasi yangu nikaenda zangu nyumbani, nikajifungia jikoni nikalia.

Mdogo wangu akanikuta huko. Yeye ni fundi cherehani, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake.

"Dada, nani kafa?"

"Mizani kanipima. Kasema sina changu."

"Yule? Yule anayevaa miwani isiyo na namba? Lete hiyo karatasi."

Akaitandaza mezani, akalifunika jina langu kwa kipande cha kitambaa, akaipiga picha. Kisha akaituma kwenye ule ukurasa kwa simu yake, kwa akaunti isiyo na jina lake, na ujumbe huu chini:

"Habari kaka Mizani. Mimi ni kijana, nafanya kazi hospitali. Alama zangu ndizo hizo. Nina nafasi kweli?"

"Wewe, atajua ni zangu," nilimwambia. "Ametoka kuzishika sasa hivi."

"Tuone alizishika kwa mkono au kwa macho."

Jibu lilirudi chai aliyonimiminia haijapoa. Ilikuwa sauti yake ile ile nzito, safari hii imejaa asali:

"Kaka, unaniuliza nini mimi? Wewe umeshaingia. Alama hizi, halafu na uzoefu wa hospitali juu yake? Wakikuacha wewe watamchukua nani? Omba leo leo, na usimsikilize mtu wa kukukatisha tamaa. Watu wana wivu sana."

Mdogo wangu aliirudia ile sauti mpaka nikamnyang'anya simu.

"Umeona, dada? Umekuwa kaka, umefaulu."

"Labda za kwangu hakuzisoma vizuri."

"Basi kamuulize."

Nilijaza maombi yote, nikaacha bila kuyatuma. Ndiyo, bado nilikuwa namtafutia sababu. Mapenzi yana upofu wake, na wangu ulikuwa wa macho yote mawili.

Jumapili nikaenda na shangazi yangu kwa mama mkwe mtarajiwa kupanga siku ya harusi. Shangazi ndiye aliyenilea, na hajawahi kuazima maneno kwa mtu. Tuliketi sebuleni, vitambaa vyeupe juu ya kila kiti, Mizani katikati kama picha ya ukutani.

"Mkwe wangu," mama yake alianza, "nasikia ulikuwa na mawazo ya kurudi shule. Mshukuru mwenzio, kakutoa kwenye aibu mapema."

"Namshukuru, mama. Ila nina swali moja kwake." Nikamgeukia. "Kuna kijana kanionyesha alama zake. Naye ulimpima."

"Wengi nawapima. Nani huyo?"

Nikaiweka simu yangu mezani, na ile sauti yake niliyorushiwa na mdogo wangu ikaanza kusema. Mama yake akatabasamu kwa fahari.

"Unamsikia anavyosaidia watu?"

"Namsikia, mama." Nikaitandaza karatasi yangu kando ya simu, na picha iliyotumwa nikaifungua. "Alama ni hizi. Karatasi ni hii. Ni yangu."

Mizani aliitazama picha, akaitazama karatasi, miwani ikamteleza puani. Mtu mwenye akili angeomba msamaha, au hata maji ya kunywa. Yeye akasema:

"Sasa ningejuaje kama ni zako?"

Shangazi akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Baba," alisema polepole, "rudia hapo. Ungejua ni zake ungesemaje?"

"Sikumaanisha hivyo, shangazi."

"Ulimaanisha vipi? Mwanangu alikupa karatasi hii mkononi. Hukuisoma, au uliisoma ukamdanganya? Chagua. Mimi sina haraka."

"Niliisoma," alisema mwishowe.

"Na?"

"Na niliona atapata." Akanigeukia, sauti nzito imekwisha, imebaki ya mtoto aliyenyimwa. "Ningeishije, wewe? Mimi walinikataa. Halafu kila asubuhi mke wangu anavaa koti jeupe mbele yangu? Mimi ningeitwaje? Mume wa daktari?"

"Kwa hiyo ukaona bora na mimi nikose."

"Niliona bora tufanane."

Mama yake akaingilia, "Mwanangu alikuwa anamlinda mwenzake tu."

"Na nini, mwenzangu?" shangazi akauliza. "Na kufaulu?"

Nilichukua simu yangu. Maombi yalikuwepo, yamejaa kila kitu, bado kubonyeza. Mizani akasimama.

"Ukituma hiyo, hakuna harusi."

Nilimtazama. Bado nilimpenda, na hilo ndilo lililonikera kuliko uongo wake. Kumpenda mtu huku unamdharau ni kama kutembea na jiwe ndani ya kiatu. Nikabonyeza.

Mtandao ukaanza kuzunguka. Sote wanne tukakodolea macho kile kiduara kidogo, na mama yake akapata matumaini.

"Hata mtandao umekataa. Hiyo ni ishara."

"Ishara ya vocha kuisha," alisema shangazi. "Subiri."

Kikazunguka, kikazunguka, kisha yakatokea maneno: Maombi yako yamepokelewa. Nikavua pete, nikaiweka kiganjani mwa mama yake kwa adabu zote, maana yeye hakunikosea kitu ila kuzaa.

"Wewe unaniacha kwa sababu ya shule?" Mizani akaniuliza.

"Shule haijanijibu bado. Nakuacha kwa sababu yako."

Nje, nilipofika getini, nililia. Shangazi alinishikia mkoba, hakusema kitu, na kwa mtu kama yeye hiyo ni zawadi kubwa.

Niliitwa kwenye usaili, nikaenda, nikachaguliwa. Siku majina yalipotoka, ujumbe wake ulikuwa wa kwanza kuingia:

"Hongera daktari wangu. Moyoni siku zote nilijua utapata."

Sikumjibu. Basi akahamia kwenye ukurasa wake, akaweka picha yangu, ile aliyonipiga mwenyewe siku ya kunivisha pete, pete kaikata isionekane, na maneno haya juu yake: "Mwingine tena. Huyu nilimwongoza kwa mkono wangu mwenyewe mpaka akaingia udaktari. Kwa Mizani hupotei." Chini yake watu wamemiminika: hongera kiongozi, Mungu akuzidishie, na mimi naomba unipime.

Mdogo wangu alikuja hadi chumbani kwangu chuoni, simu mkononi, anahema.

"Dada, nipe ruhusa tu. Ile sauti ninayo. Naimwaga hapa chini, wasikie wote."

"Mwache."

"Nimwache? Unamwonea huruma?"

"Hapana," nilimwambia. "Toka hapo dirishani, unanizibia mwanga. Kesho nina mtihani wa mifupa."