Mshono wa Tope Bichi

Watu saba wa nyumba moja walilazwa hospitali asubuhi moja, matumbo yakiwakata kama visu. Walikuwa wamekula majani mabichi ya bustani yao. Bustani ilitiwa mbolea ya tope, magunia sita, yote yenye nembo ya mtambo wa kusafisha majitaka.

Mkurugenzi wa mtambo hakungoja. Aliandika amri: mbolea isimamishwe, na binti aliyeibuni, yule waliyemwita Mtaalamu, afikishwe mahakamani. Aliwapa polisi siku kumi tu za uchunguzi, kisha angetia saini.

Inspekta alianzia bustanini, magoti ardhini. Wenzake kituoni walimwita Mbishi. Hata mvua ikinyesha, alitoa mkono nje kuhakikisha.

"Bibi, magunia haya ulipewa na nani?"

"Niliyakuta mlangoni pa ghala la mtambo, mwanangu, yameandikwa jina langu," alijibu mama mwenye bustani. Ndiye pekee aliyesalimika, kwa kuwa hakuwa na meno ya kutafunia majani mabichi.

"Na miche hii midogo?"

"Hiyo? Imejiotea. Nyanya hizo. Wala sijapanda nyanya mwaka wa pili huu."

Inspekta aliihesabu hadi mia, akaacha. Akachukua gunia moja lenye mabaki ya tope kama kielelezo, akaenda mtamboni.

Mtaalamu alimpokea maabara, macho mekundu, kidevu juu.

"Afande, kunifunga nifungeni. Ila msiseme mbolea yangu ni chafu."

"Bustani imejaa miche ya nyanya."

Binti aliruka kitini. "Nyanya? Una hakika?"

"Mia na ushei."

"Alhamdulillahi!"

"Watu wako hospitali, unashukuru?"

"Sikiliza, afande. Mtu akila nyanya, mbegu hupita nzima, zikafika huku kwetu. Mimi tope nalirundika, linachemka lenyewe kwa siku kumi na tano. Ukitia mkono katikati, unautoa mbio. Mayai ya minyoo hufa, vijidudu hufa, mbegu hufa. Hilo tunaliita tope lililoiva. Likiota nyanya, ni bichi! Halikupita kwangu!"

"Maneno matamu hayo. Nitayapima."

Akabeba tope la ghalani. Kituoni alijaza trei mbili, moja tope la ghalani, moja tope la gunia la bibi, akazimwagilia maji kila asubuhi huku koplo wake akiziba pua.

"Afande, tumekuwa polisi au wakulima?"

"Mwagilia, wewe."

Siku ya nane, trei ya ghalani ilikuwa kipara. Ya bibi ilikuwa msitu.

Sasa swali likabaki moja: nani aliyejaza tope bichi kwenye magunia ya mtambo? Alama za vidole zilikuwa zimeliwa na unyevu. Lakini magunia yote ya mtambo hushonwa kwa mashine, na mashine hufungiwa maabara. Haya sita yalishonwa kwa mkono.

Aliwahoji wafanyakazi mmoja mmoja. Wa mwisho akawa Mnyapara, mzee wa miaka ishirini mtamboni, mabega mapana, sauti ya kuamrisha.

"Mzee wangu, gunia hili unalijua?"

"Magunia yote yanafanana."

"Kweli. Ila aliyelishona hili alikuwa amelewa."

Mnyapara akalitupia gunia jicho.

"Tazama mshono ulivyopinda. Koplo wangu, asiyejua hata kufunga kifungo, angeshona vizuri zaidi. Mtu gani mvivu namna hii?"

"Umepinda wapi?" Mzee alisogea.

"Kila mahali. Kazi ya mlevi."

"Mlevi ni wewe!" Mnyapara alipiga meza. "Huo ni mshono wa kurudi, mafundo mawili kila pembe! Lirushe gunia kutoka juu ya lori, halifumuki! Hapa mtamboni hakuna mwingine anayeuweza!"

Kalamu ya koplo ikasimama.

"Hakuna mwingine," Inspekta alirudia polepole. Akasukuma mezani shazia, ile sindano nene ya magunia, na kipande cha uzi. "Basi nishonee mzee wangu, nijifunze."

Mzee aliitazama shazia kama nyoka. Mabega yake yakashuka.

"Sikutaka watu waugue vile," alisema. "Nilitaka waharishe kidogo, mbolea ya yule binti iache kutumika. Basi."

"Kwa nini?"

"Miaka ishirini nimezoa hilo tope kwa koleo. Mtaani wananiita Bwana Mavi. Wanangu waliitwa watoto wa Bwana Mavi mpaka wakaacha shule. Akaja yeye, mwaka mmoja tu, akalirundika, wakamwita Mtaalamu, wakampigia makofi! Tope ni lile lile, afande! Lile lile!"

"Si lile lile, mzee. La kwake halikumlaza mtu."

Alasiri ile Inspekta aliweka trei mbili juu ya meza ya mkurugenzi, juu kabisa ya ile amri. Mkurugenzi alisoma maungamo, akatazama kipara, akatazama msitu. Akaivuta amri kutoka chini ya trei, akaichana vipande vinne.

Nje, habari zilikuwa zimetangulia, pamoja na habari kwamba wagonjwa wote saba wameruhusiwa. Wakulima walijipanga kutoka ghalani hadi barabarani, mikokoteni kwa matoroli. Mtaalamu alipanda juu ya rundo linalofuka mvuke, viatu na vyote, akainua koleo.

"Haya, nani wa kwanza?"

"Mimi!" alipaza sauti yule bibi asiye na meno, akipenya kwa kiwiko. "Na safari hii nishonee kwa mashine!"