Namba Ambazo Gaju Hakuziona

Kila siku kabla ya shule Gaju alikuwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa kazi ya kukaa. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya duka la mtindi la mama yake, pale Niboye, akiangalia maziwa yakipoa. Mtasema hiyo si kazi ya kumtoa mtu jasho. Ngojeni kwanza.

Mama yake, Jovina, alizaliwa Bukoba akaolewa Kigali, na mtindi wake ulisifiwa mpaka mtaa wa Sonatubes. Alfajiri, mfugaji aitwaye Jean-Berchmans alifika akisukuma baiskeli yenye keni mbili za maziwa. Mama aliyapasha moto mpaka nyuzi themanini na tano, akaiweka sufuria ndani ya beseni kubwa, kisha akafungulia bomba ili maji baridi yapite kuizunguka. Yeye alikwenda mbele kuhudumia wateja, na hapo zamu ya Gaju ikaanza. Kila baada ya dakika kumi alisoma kipimajoto na kuandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Joto lilipofika nyuzi arobaini na tatu, alimimina kikombe cha chachu, yaani mtindi wa jana unaogandisha maziwa ya leo. Akakoroga, akafunika, akaenda shule.

Namba zilikuwa zile zile: themanini na tano, sabini, hamsini na nane, hamsini, arobaini na tatu. Dakika arobaini, basi. Gaju alizijua kama jina lake.

Jumanne moja ukungu ulijaa bondeni. Kutoka dirishani Gaju aliona mapaa ya nyumba yakielea, moja hapa, jingine kule, na mengine yote yamemezwa. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na alipenda kuota ndoto za mchana hata kabla mchana haujafika. Jean-Berchmans alikuwa amemsimulia habari za ng'ombe wake. Basi Gaju akawaona wakitembea taratibu juu ya ukungu, pembe zao ndefu zikipasua weupe, kwato zisitoe sauti. Maji ya bomba, ambayo kwa kawaida yalivuma, yalipungua yakawa uzi mwembamba, yakidondoka ti, ti, ti. Gaju aliisikia sauti ile, akaigeuza kuwa kengele shingoni mwa ng'ombe wa mwisho. Alitamani asubuhi ile isiishe.

Aliposhtuka, dakika arobaini zilikuwa zimepita na karatasi ilikuwa tupu. Alijaza namba zote tano kwa mkupuo mmoja, bila kukitupia jicho kipimajoto. Si ni zile zile? Akamimina chachu, akafunika sufuria, akakimbilia shule.

Jioni maziwa yalikuwa hayajaganda. Mama aliinamisha sufuria, nayo yakachezacheza kama maji ya kunawa, lita arobaini nzima. Alisimama mbele ya karatasi kwa muda mrefu, akipitisha kidole juu ya kila namba.

“Joto lilikuwa sawa, muda sawa, na chachu niliipima mwenyewe,” alisema polepole. “Kilichobaki ni maziwa. Mtu ametia maji.”

“Nani, mama?”

“Anayeyaleta ni mmoja tu. Miaka minne nimemwamini. Kesho nitamwambia asirudi.”

Usiku ule Gaju aliisukuma sahani yake pembeni. Nchini Rwanda maziwa ni heshima, na kumwambia mfugaji ametia maji ni kumvua nguo hadharani. Alipolala, ng'ombe wa ukungu walimjia tena, lakini safari hii hawakutembea. Walisimama wote wakimtazama.

Kulipopambazuka, mama hakuzipokea keni. Alisema aliyotaka kusema kwa sauti ya upole, na upole ule ukayafanya maneno kuwa mazito zaidi. Jean-Berchmans alivua kofia, akakaa kwenye ngazi.

“Mama Gaju, maziwa yangu iko safi,” alisema. “Tangu wakati wa baba yangu, hakuna siku tuliweka maji. Oya, hapana. Lakini kama wewe unasema hivyo, nitaenda tu.”

Akaanza kuzifunga keni kwenye baiskeli. Gaju alitazama mikono ya mfugaji ikikosea fundo, ikirudia, ikikosea tena.

“Mama, zile namba sikuziona,” alisema. “Nilizibuni. Nilikuwa naota.”

Mama aligeuka. “Na maji ya bomba?”

“Yalikuwa yanadondoka. Nilisikia.”

Mama hakumfokea. Kwanza alimwendea Jean-Berchmans, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwomba radhi, kisha akayapokea maziwa. “Leo tutajua,” alisema.

Maji yalikuwa bado hafifu. Mama na binti walikaa pamoja mbele ya kipimajoto. Themanini na tano. Themanini. Sabini na tano. Sabini. Dakika arobaini zilipotimia, kilisoma sitini na sita.

“Chachu ina uhai,” mama alisema. “Jana uliimimina kwenye maziwa ya moto, ikafa. Sikiliza, Gaju. Joto, muda, maji yanayopita na kiasi cha chachu ni kama watu wanne waliobeba meza moja. Mmoja akilegea, wengine lazima wajue. Maji yakipungua, muda lazima urefuke. Sasa, bila karatasi ya kweli, nani ataniambia?”

Walingoja saa mbili nzima mpaka joto likafika arobaini na tatu, wakamimina chachu, na Gaju akaenda shule mbio. Jioni mtindi ulikuwa umeganda mpaka kijiko kikasimama. Jean-Berchmans, aliyerudi kuuonja, alikunywa kikombe kizima, akafuta masharubu. “Hii ndiyo maziwa ya kwetu,” alimwambia Gaju.

Mtu haachi tabia kwa siku moja. Wiki iliyofuata ukungu ulirudi, ng'ombe nao wakarudi, na Gaju aliposhtuka, zamu moja ya kusoma ilikuwa imempita. Alishika kalamu. Mkono wenyewe ulitaka kuandika hamsini na nane. Akauzuia, akaandika: Sikutazama. Kisha akakisoma kipimajoto na kuandika alichokiona.

Mama alipofika kwenye neno lile alicheka kidogo, akamvuta binti yake karibu.

“Ndoto zako ni zako, mwanangu, sikukatazi,” alisema. “Ila usiziandike hapa. Neno hili moja linanifaa kuliko namba kumi za kubuni. Namba ya uongo humtafuta mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi humpata asiye na kosa.”