Tiketi ya Marehemu Muindi

Katika kiwanda cha sabuni cha Povu Jeupe, hata panya walinuka sabuni. Harufu ile iliganda kwenye kuta, kwenye mapazia, mpaka kwenye mikate ya wafanyakazi. Ndiyo maana Luseno aliinua kichwa asubuhi ile alipoketi mbele ya kompyuta ya mapokezi. Palinuka udongo. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa karibuni. Akainama, akachungulia chini ya meza. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, inang'aa.

Hakulitilia maanani. Alikuwa na kazi.

Mwaka ule wa tisini na nane, kazi ya Luseno ilikuwa ngeni mjini, hata majirani zake wa Makongeni walikata shauri kwamba yeye ni fundi wa redio. Kumbe alikuwa mwizi mwenye ruhusa. Makampuni yalimwita aingie kwenye mitandao yao ya kompyuta kama mwizi angeingia, kisha awaonyeshe alipopenyea ili wapazibe. Mkurugenzi wa Povu Jeupe alimpa kibali chake: anzia mapokezi, fika utakapofika, usiharibu kitu.

Njia aliijua. Kila mfanyakazi alipowasha kompyuta asubuhi alitaja neno lake la siri mara moja tu. Kompyuta kuu ikishamwamini, ilimpa tiketi. Si tiketi ya karatasi, ni alama tu inayokaa ndani ya mashine. Kutwa nzima kompyuta nyingine hazikumuuliza tena yeye ni nani. Ziliiona tiketi, zikafungua. Na tiketi haitazami uso. Ukimwibia mtu tiketi yake, unatembea kwa jina lake kutoka mashine hii hadi ile, wala hakuna anayekushuku.

Ndani ya kompyuta ya mapokezi alikuta tiketi ya msichana aliyeketi pale kila siku. Chini yake palikuwa na nyingine, imetolewa asubuhi hiyohiyo, kwa jina la Muindi.

Alimwita Asenath, mkuu wa chumba cha kompyuta.

"Madam, huyu Muindi ni nani?"

Asenath alikitazama kioo, akashusha sauti. "Alikuwa karani wa stoo. Gari lilimgonga pale Jogoo Road. Tumeshamzika kwao Kitui."

"Na jina lake halikufutwa?"

"Sikulifuta, ni kweli. Lakini neno lake la siri alikufa nalo. Sasa ni nani amelitaja leo asubuhi?"

"Mtu analijua. Nikipita na tiketi hii, nitajua anakokwenda."

"Bwana Luseno, tumia ya yule msichana. Hii iache."

"Mkurugenzi alisema nifike nitakapofika."

Akaichukua.

Kompyuta ya stoo ikafunguka bila swali. Ikamwonyesha kwamba Muindi alikuwa ameingia humo kitambo kidogo kabla yake, akatoka. Akahamia ya mizani. Muindi alikuwa ametoka huko pia, punde tu. Karani wa mizani, aliyekuwa akipita kwenye ukumbi wa mapokezi na kikombe cha chai, alisimama ghafla, akaguna kwamba panasikika harufu ya kaburi, akaondoka na chai yake. Luseno aliendelea. Kila mlango alioufungua kwa jina lile ulikuwa ndio kwanza umefungwa na mwenye jina, naye Luseno akawa anaongeza mwendo kama mtu anayefuata mgongo wa mwingine kwenye korido ndefu.

Mwisho akafika kwenye kompyuta kuu. Ilipaswa kumkaribisha Muindi. Kioo kikaandika: Karibu, Luseno.

Hakuwa na jina kwenye mtandao ule. Hakuna aliyemwandikisha.

Ganzi ilianzia kwenye ncha za vidole vyake, ikapanda hadi viwikoni polepole, kama maji yapandavyo kwenye kitambaa. Alingoja aogope. Woga haukuja.

Siku hiyohiyo Asenath alilifuta jina la Muindi, akabatilisha tiketi zote, akabadilisha ufunguo wa kompyuta kuu. Wafanyakazi wakapanga foleni kuandikishwa upya kana kwamba hawajawahi kuonekana pale. Harufu ya udongo ikatoka kiwandani. Luseno alikusanya vitu vyake, akaenda zake nyumbani akijua kazi imekwisha.

Nyumba yao ya Makongeni ilitokana na kazi ya mkewe Nasambu, karani wa reli. Alimkuta kwenye jiko la mafuta, anageuza ugali.

"Umesahau nini tena, Baba Mitchelle?" aliuliza bila kugeuka.

"Kusahau nini?"

"Si umeingia sasa hivi? Umenipita hapa bila hata salamu, ukaenda chumbani."

Mwiko ukasimama. Nasambu akageuka, akamtazama mumewe, akatazama pazia la chumbani. Wakaingia pamoja. Kitandani palikuwa na bonde, kama mtu ameketi muda mrefu. Palinuka udongo. Mitchelle, binti yao mdogo ambaye hata shule hajaanza, alikuwa amesimama kando ya kitanda, anautazama mguu wake. Alikuwa amekanyaga msumari. Msumari ulikuwa bado ndani ya nyama, na damu imeenea sakafuni.

"Mama yangu!" Nasambu alipiga magoti. "Mitchelle, mbona hulii?"

"Hauumi," mtoto alisema. "Baba alibisha, nikamfungulia. Akanishika kichwa. Hauumi."

Luseno ndiye aliyeung'oa ule msumari. Mtoto hakukunja hata uso. Naye, baba mtu, aliona damu ya mwanawe ikimtiririkia mkononi na moyo wake ukakaa kimya kama chumba kisicho na mtu.

Siku zilizofuata habari zilipita kwenye safu ile ya nyumba kwa minong'ono. Luseno alibisha kwa fulani kuomba kiberiti. Luseno alibisha kwa fulani mwingine, akaketi kwenye kiti bila kusema neno, akaondoka. Jirani wa ukutani, Kavutha, muuza vitambaa, alimfungulia kama anavyofunguliwa jirani yeyote. Jioni yake aliweka kiganja juu ya sufuria iliyokuwa motoni, akaendelea kuzungumza, mpaka mumewe aliposikia nyama inanuka. Waliomfungulia wote wakawa hivyo. Walikula bila kuonja, walipewa habari za misiba wakaitikia "sawa". Mchungaji alikuja akaomba, akaimba, akaondoka akisugua vidole vyake kwa wasiwasi.

Ni Kavutha, mkono umefungwa bandeji, aliyewapeleka Eastleigh kwa Mama Batulo, Msomali aliyekuwa akimuuzia vitambaa na ambaye watu wake walimjua kwa kazi nyingine, ya kupunga majini. Mama Batulo alimsikiliza Luseno hadi mwisho, akasoma dua juu ya bakuli la maji, akayachungulia kwa muda.

"Ulikuwa na kibali?" aliuliza.

"Nilikuwa nacho, mama."

"Cha walio hai. Cha marehemu alikupa nani?"

Mama Batulo alilisogeza bakuli kando.

"Ni jini. Lilikuwa limevaa jina la maiti, linatangatanga humo kwenye mashine zenu. Jina la maiti haliendi mbali. Ukaja wewe, mzima, ukatembea nyuma yake kwa jina lilelile, jini likalivua hilo, likavaa la kwako. Jini hili halivunji mlango, mwanangu. Linafunguliwa."

"Tufanye nini?" Nasambu alinong'ona.

"Jina Luseno lifungiwe kila mlango. Hata ule wa kwake. Yeye akae nje na jini hilo. Likikosa pa kuingia litaondoka, na waliokufa ganzi watapona. Ila litakachokuwa nacho mkononi wakati huo, litaondoka nacho."

Jua lilipozama, Luseno aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika. Safu nzima ilikuwa imekubaliana. Makomeo yalisikika yakifungwa moja baada ya jingine, na hakuna aliyewasha hata mshumaa. Harufu ilitangulia. Kisha akahisi mtu ameketi kando yake, bega kwa bega, bega baridi, na hakugeuka kutazama.

Mlango ukabishwa.

"Nasambu," sauti ya Luseno ilisema, lakini si kinywa chake. "Nasambu, nifungulie, naogopa."

Kutoka ndani, Nasambu alijibu, "Simjui Luseno. Hapa hakai Luseno."

Hapo ndipo sauti ile ilipoanza kulia, ikalia kilio chote ambacho Luseno alikuwa ameshindwa kulia tangu ile siku ya msumari, ikamlilia Mitchelle na mguu wake, ikamlilia Kavutha na mkono wake, ikamwita Nasambu kwa jina la utani alilompa walipokuwa wachumba kule Kakamega, jina ambalo hakuna masikio mengine yaliyowahi kulisikia, ikakwaruza mbao kwa kucha, ikateremka hadi chini ya mlango na kuhema kwenye ule upenyo, ikasema baridi inaniua, mke wangu, kuna kitu hapa nje kimekaa karibu nami na hakina moyo, kitazame, hakilii hata chozi moja, utamfungia nje mumeo ukiache kitu hiki kikusubiri mpaka asubuhi?

Komeo likasogea. Luseno alilisikia likifika nusu.

"Baba Mitchelle," Nasambu alisema huku akilia, "kama ndiwe unayelia, sema kitu."

"Usifungue," alisema Luseno. Sauti yake ilitoka kavu, kama ya mtu anayesoma mita ya maji. "Usimfungulie anayelia. Hata mimi usinifungulie."

Kisha komeo likarudi mahali pake.

Kilichokuwa kando yake kikainuka. Akakisikia kinaenda kwa jirani, kinabisha, kinalia. "Hatumjui Luseno," wakasema. Kikaenda kwa wa pili. "Hatumjui." Mlango kwa mlango safu nzima, watu waliomjua miaka na miaka wakamkana gizani, wengine wakiwa wamejiziba masikio, na kilio kikawa kinapungua, kinavuka ng'ambo ya reli, hadi kikamezwa na mlio wa injini zilizokuwa zikipanga mabehewa.

Kulipopambazuka, Mitchelle aliamka akipiga kelele kwamba mguu unamuuma. Nasambu alifungua mlango, akamkumbatia mumewe, akalia mpaka akachoka. Upande wa pili wa ukuta Kavutha naye alikuwa akilia kwa uchungu wa mkono, na kilio chake kiliwapendeza wote waliokisikia.

Luseno alimpigapiga mkewe mgongoni. Alijua kwamba hapo mtu hulia.

Alirudi kazini. Alikula, alilala, alimbeba mwanawe. Nasambu alijifunza kutomtazama sana usoni. Mwaka ulipokaribia kwisha mamake Luseno alifariki kule Kakamega, naye akasimama kando ya kaburi na wazee wakamsifu kwa ujasiri. Aliutupa udongo wake, akafuta mikono kwenye suruali, akauliza chakula kitaliwa saa ngapi.

Waliporudi Makongeni, Kavutha alikuja kutoa pole. Hakuketi. Alisimama mlangoni akiikunja na kuikunjua leso yake.

"Kuna nini?" Nasambu aliuliza.

"Ni dada yangu, yule wa mtaa wa Mbotela," Kavutha alinong'ona, macho yake kwa Luseno. "Anasema ile jioni ya mazishi ulibisha kwake, Baba Mitchelle. Unamlilia mamako. Nikamwambia wewe ulikuwa Kakamega."

Luseno alitikisa kichwa tu. Nasambu ndiye aliyeuliza.

"Alifungua?"

"Mtu anamlilia mamake, Mama Mitchelle," alisema Kavutha. "Angekosaje kumfungulia?"