Sufuria ya Mtu Mmoja

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Chiriku alikuwa kwenye kibaraza cha jiko akichambua maharage. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua kufungwa. Hata akiwa peke yake aliyasemesha maharage, mabovu akiyakaripia na mazima akiyasifu. Makao yale yalilea watoto arobaini wasio na wazazi wa kuwatunza, kwa hiyo sinia lilikuwa kubwa na kazi haikuwa ya dakika mbili.

Zamani kazi hiyo waliifanya wawili. Mwenzake alikuwa Kaka Ukoko, mvulana mrefu aliyekuwa msaidizi wa Mpishi tangu kimo chake kilipofikia ukingo wa sufuria kubwa. Hawakuzaliwa tumbo moja. Lakini siku Chiriku alipoletwa makao, mdogo, analia na hataki kula, ni yeye aliyekwangua ukoko wa wali chini ya sufuria akampa kipande kikavu autafune taratibu. Tangu siku hiyo wakawa ndugu, na tangu siku hiyo jina la Ukoko likamganda. Alipopika alipiga mluzi, na watoto wakisikia mluzi ule walijua chakula ki karibu.

Mwaka uliopita kaka alitimiza miaka kumi na minane, na taratibu ya makao ni kwamba ukifika hapo unaondoka. Wakamfanyia sherehe ya kumuaga. Wakampa godoro, ndoo na sufuria, wakapiga makofi, na watu wazima wakamwambia asije akawaangusha. Akapata kazi kwenye karakana ya seremala upande wa pili wa mji, akapanga chumba. Jikoni ukoko ulikuwepo bado, na watoto waliugombania kama kawaida, ila Chiriku hakuwa na hamu nao tena. Alichokitamani ni ule mluzi. Mara nyingine aliacha kuchambua akategea sikio, kisha akakumbuka.

Jumapili nyingi kaka alikuja kuwatembelea. Alipokelewa getini, akakaribishwa kwenye benchi la wageni chini ya dirisha la ofisi, akaletewa soda. Benchi lenyewe alikuwa akilisugua yeye kila wiki alipokuwa mwana wa nyumba ile. Sasa alilikalia kwa adabu, chupa kaishika kwa mikono miwili, macho yakienda jikoni na mwili ukibaki pale. 

Akiulizwa habari, kaka alijibu kuwa maisha yamenyooka. Watoto hawakutosheka na jibu hilo, wakamwendea Chiriku, naye hakuwanyima. Aliwaambia kwamba kaka ana mapazia mekundu, redio kubwa, na ufunguo wake mwenyewe. Ufunguo ulikuwa wa kweli. Mengine aliyatia chumvi, kwa kuwa hakuwahi kufika chumbani kwa kaka, na kumwaza akiwa na raha kulimpunguzia upweke.

Kisha Jumapili mbili zikapita bila kaka kuonekana.

Wiki ile Mama Mlezi, mkuu wa makao, aliwakusanya watoto ukumbini. Aliwaeleza kwamba kamati inataka kupanga upya msaada wa vijana wanaoondoka, na safari hii wataalikwa wenyewe waseme.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Sisi wakubwa hiki hatujakilalia."

Watoto walimchagua Chiriku awasemee. Walisema mdomo ule umewachosha miaka mingi, sasa na uwafae. Kwa upande wa walioondoka, Mama Mlezi alimtaka Kaka Ukoko, na Jumamosi Mpishi alipokwenda sokoni alimchukua Chiriku apeleke mwaliko.

Mpishi alimwacha mbele ya ua wenye vyumba vingi vya kupanga, akamwambia atampitia akimaliza kununua mboga. Chumba cha kaka kilikuwa cha mwisho, mlango wazi kabisa. Hapakuwa na pazia la rangi yoyote. Kaka alikuwa amejilaza juu ya godoro, midomo imemkauka, mkono tumboni. Alipomwona Chiriku alijaribu kuketi wima na kutabasamu, akashindwa vyote viwili.

Pembeni ya jiko palikuwa na sufuria kubwa, ya kupikia sherehe. Chiriku alifunua. Ilikuwa imejaa maharage hadi nusu, juu yamefanya povu, na harufu ya uchachu ikampiga usoni.

"Kaka, haya umeyapika lini?"

"Mwanzo wa wiki."

"Na ulikuwa unayala?"

Kaka alitazama ukuta. "Mpishi alinifundisha kuwapikia watu arobaini. Nikishika maharage, mkono unapima ya arobaini. Nimejaribu kupika kidogo, chumvi inazidi, maji yanakauka, nakula masizi. Basi napika mengi halafu nakula mpaka yaishe. Wajua kwetu chakula hakitupwi."

Chiriku alitaka kucheka, kwa maana jambo lenyewe lilichekesha, lakini machozi yalitangulia. Akauliza kwa nini mlango uko wazi na ufunguo anao. Kaka akamwambia kwamba akiufunga hapati usingizi. Amekua akilala chumba kimoja na wenzake ishirini, huyu anakoroma, yule anaota kwa sauti. Humu kimya kinamzidi nguvu. Akiuacha wazi, angalau husikia majirani wakigombana.

Chiriku alimwaga maharage, akaisugua sufuria. Akachemsha maji, yalipopoa akayatia sukari na chumvi kwa kipimo walichofundishwa shuleni kwa ajili ya mtu anayeharisha, akamshikia kikombe anywe. Alipomaliza kunywa na kuusikia mwaliko wa mkutano, kaka alimshika kiganja.

"Usiwaambie. Waliniomba nisiwaangushe. Na wale wadogo wakijua huku ndiko kulivyo, watalala vipi? Sema nimebanwa na kazi."

Chiriku akaahidi. Mpishi alipokuja na vikapu vyake aliambiwa kwamba kaka amebanwa na kazi, na njia nzima ya kurudi hakusikia neno jingine. Alimtania kwamba leo Chiriku amemeza ulimi, ila mtoto hakucheka.

Mkutano ulifanyika keshoye. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mwenye duka la vyombo, mtu mwema aliyependa kutoa kuliko kuuliza. Juu ya meza alikuwa ameweka sufuria mpya inayong'aa, kubwa kupita ile ya kaka. Alieleza kwa furaha kwamba kila anayeondoka atapewa kama hiyo, pamoja na kufuli imara. Kisha akataja pendekezo la mwisho. Anayeondoka asirudi kutembelea mpaka miezi sita ipite, ili azoee kujitegemea, maana kidonda hakiponi ukikikwangua kila siku.

Chiriku alihesabu kwa vidole. Miezi sita. Hata lile benchi na ile soda kaka asingevipata tena.

Mama Mlezi alimgeukia, akamwomba aseme jinsi kaka anavyoendelea.

"Anaendelea vizuri," Chiriku alianza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo. "Ana mapazia..."

Akakwama. Macho yake yalikuwa juu ya sufuria ile. Alimwona kaka ameinama juu yake, peke yake, anachota yaliyochacha kwa sababu kwao chakula hakitupwi. Aliikumbuka ahadi yake. Akapiga moyo konde.

"Mapazia nimeyazua mimi. Kaka anaumwa tumbo, amelala chini. Sufuria mliyompa ni kubwa, na hii ni kubwa zaidi. Hajui kupikia mtu mmoja. Kufuli halitumii, kwa sababu akifunga mlango halali. Na mkimkataza kuja hapa, sijui atakwenda kwa nani, maana hana kwingine. Hata mimi sina."

 Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Basi mwanangu, tumpe nini?" aliuliza taratibu.

"Sijui, babu. Mimi nimekaa naye asubuhi moja tu. Muulizeni mwenyewe."

Mama Mlezi hakungoja mkutano ufungwe. Alichukua mkoba wake, akamwita Mpishi, wakaenda na Chiriku hadi kwa kaka, wakampeleka zahanati. Daktari alisema yale maji ya chumvi na sukari yalimsaidia sana, na kwamba chakula kilichochacha si cha kujaribia uvumilivu. Mpishi, aliyekuwa akijipangusa macho kwa ncha ya shati, alimwambia kaka kwamba kwa kuficha shida yake alitaka kufa na tai shingoni.

Kaka hakumtazama Chiriku mpaka walipobaki wawili kwenye benchi la zahanati.

"Nilikuamini," alisema.

"Najua. Lakini ningenyamaza wangekukataza kuja." Chiriku alilia sasa bila kujificha. "Heri unichukie ukiwa karibu."

 Kaka akausogeza mkono wake, akaulaza juu ya kichwa cha Chiriku, na hakuuondoa mpaka walipoitwa kuchukua dawa.

Mkutano uliofuata ulifanyika chumbani kwa kaka, kwa ombi lake. Alisema wakubwa waje waone. Walikuja vijana wengine walioondoka zamani, wakakaa juu ya godoro na sakafuni, na Mwenyekiti akapewa ndoo iliyofudikizwa. Mwanzoni kila mmoja alisema maisha yamenyooka. Kaka ndipo akasimulia habari za maharage yake. Kicheko kilizuka, na baada ya kicheko ndimi zikalegea. Dada mshonaji alikiri kwamba amelelewa kwa kengele, na bila kengele huchelewa kazini hadi karibu afukuzwe. Fundi baiskeli alisema kinachomuumiza ni kuugua na kukosa wa kumpigia simu. Wote walisema hawalipendi benchi la wageni.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mgongo ukamuuma. Alipoulizwa maoni yake, alisema ameuza sufuria maisha yake yote na leo ndiyo amefundishwa ukubwa wake.

Mambo yalibadilika, tena kwa mpango wa vijana wenyewe. Ghala la nyuma ya makao liligeuzwa chumba chenye mlango, ufunguo na jiko dogo. Anayekaribia kuondoka angekaa humo kwanza, ajipikie, ajiamshe na azoee kimya, huku wenzake wakiwa hatua chache tu. Kila anayeondoka angechagua mtu mzima mmoja wa kumpigia simu, iwe raha au shida. Lile pendekezo la miezi sita lilitupwa. Benchi la wageni lilibaki kwa wageni.

Jumapili iliyofuata Chiriku alikuwa kibarazani alipousikia mluzi. Ulitokea nyuma, upande wa mlango wa jiko, na kidogo aangushe sinia. Kaka aliingia bila kupiga hodi, akajifunga kitambaa cha kupikia, akaweka mezani sufuria ndogo kutoka dukani kwa Mwenyekiti. Alisema wamekuja kujifunza wote wawili, yeye na sufuria yake. Mpishi akakuna kichwa, akakiri kwamba hata yeye mambo ya kikombe kimoja cha mchele ameyasahau, na wali wa kwanza ukawa uji. Wa pili ulikubali.

Mama Mlezi alikuja kusimama mlangoni. Aliwaita watoto waliokuwa karibu.

"Tulikuwa tunashona nguo bila kumpima mwenye mwili," alisema. "Kosa hilo ni letu wakubwa. Lakini na ninyi shikeni hili: mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiwa na shida, iseme. Kusema shida yako si kumwangusha mtu. Na ukimpenda nduguyo, usimpambe kwa uongo, msaidie kwa ukweli."

Watoto wakatawanyika. Jioni kaka angerudi kwake, hilo Chiriku alilijua, na miaka si mingi hata yeye angefunga mizigo yake. Moyo ulimwuma bado. Kaka aliinamisha sufuria ndogo, akakwangua chini yake kwa kijiko. Ukoko uliotoka haukuzidi kiganja cha mtoto. Akautazama, akacheka, akauvunja katikati, akampa Chiriku kipande kikubwa.