Gunia Chini ya Theluji

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla ya shule, Burgi alikuwa na kazi mbili: kuwapelekea ng'ombe majani makavu, na kugombana na kaka yake Vinzenz kuhusu nani ataondoa theluji mlangoni. Ya kwanza aliifanya vizuri. Ya pili aliipenda zaidi.

"Wewe una mikono mirefu, kaka. Theluji inakupenda."

"Na wewe una mdomo mrefu," alijibu Vinzenz, akimsukumia beleshi. "Mdomo huo ungekuwa unazoa theluji, barabara ingekuwa wazi mpaka mji wa Innsbruck."

Asubuhi moja Burgi alichungulia dirisha la zizi akamwona shangazi yao, Zenz, kiongozi wa waokoaji wa kijiji, akichimba uwanjani nyuma ya kanisa. Alizika gunia, akalifukia, kisha akatembeatembea uwanja mzima ili nyayo zake zisitoe siri. Lakini Burgi alikuwa ameshaona: gunia lilikuwa karibu na ile nguzo ya uzio iliyopinda.

Angeweza kumwambia shangazi ahamishe gunia. Hakusema. Mshindi wa mafunzo ya kutafuta gunia mwaka ule angepanda na shangazi na Vinzenz hadi kibanda cha malisho ya juu, pamoja na rafiki mmoja wa kumchagua mwenyewe. Burgi alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikitamani kibanda kile tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

Ndani ya gunia kulikuwa na kipiipi. Ndivyo watoto wa bonde lile walivyokiita kile kifaa kidogo cha kuvaa kifuani. Mlimani kila mtu huvaa chake, nacho hutuma ishara muda wote. Mmoja akifukiwa na maporomoko ya theluji, wenzake hugeuza swichi za vyao kutoka kutuma hadi kutafuta, na mshale mdogo huwaonyesha alipo. Lazima wageuze wote. Asiyegeuza huendelea kutuma, na mishale ya wenzake humfuata yeye.

Baada ya shule watoto waliingia uwanjani mmoja mmoja, waliosubiri zamu wakibaki mbele ya kanisa wasione. Rosina, jirani yake Burgi, alitambaa kwa magoti, kipiipi karibu na theluji, kama anayetafuta hereni iliyopotea.

"Konokono! Tukuletee chakula cha jioni hukohuko?" walimpigia kelele waliokwisha kumaliza zamu.

"Nileteeni na mto wa kulalia," alijibu Rosina bila kuinua kichwa. Alichelewa, lakini gunia alilipata.

Ilipofika zamu ya Burgi, alikimbia. Alijifanya kutazama mshale, akazunguka mara moja kwa maringo, kisha akachoma ufito wake mrefu wa kupimia theluji kando ya nguzo iliyopinda. Ukagota kwenye gunia. Swichi hakuigusa hata kidogo, ya nini? Makofi yakalia.

Shangazi Zenz hakupiga makofi. "Upesi hivyo? Swichi uligeuza vizuri?"

"Kabisa, shangazi."

"Haya, bingwa."

Burgi alimchagua Rosina. Mtu hawezi kuringa bila mtazamaji.

Jumamosi walianza safari, mbao za kutelezea miguuni. Kwenye geti la nyumbani shangazi alimkagua kila mmoja apitapo, asikie kama kipiipi chake kinatuma. Cha Burgi kililia vizuri kabisa. Kutuma hakukuwa na shida, kilituma chenyewe.

Karibu na kibanda palikuwa na korongo lililojazwa theluji na upepo wa usiku. Shangazi aliipima theluji, akafikiri, akaamua wavuke mmoja mmoja. Alitangulia yeye, akafuata Rosina, halafu Burgi. Vinzenz alikuwa wa mwisho.

"Bingwa!" aliita kutoka katikati ya korongo. "Nikianguka, unipate upesi kama lile guni..."

Theluji iliguna, mguno mzito, kama wa mzee anayeketi. Ufa ukapasuka juu yake kutoka ukingo hadi ukingo, na mlima mzima ukaonekana kuteremka. Ulipotulia, Vinzenz hakuwepo. Palikuwa na ukimya tu, na vumbi jeupe.

Shangazi alitazama juu kuona kama kuna theluji nyingine inayotaka kushuka. "Geuzeni! Wote mtafute! Mmegeuza?"

"Ndiyo!" alisema Rosina.

Burgi aliivuta swichi, ikagoma. Aliisukuma, ikagoma. Akaibonyeza kwa glovu nene, akiona aibu hata katika saa ile. Bingwa hajui swichi?

"Burgi! Umegeuza?"

"Ndiyo, shangazi!"

Walishuka mbio, kila mmoja upande wake. Rosina alifuata mshale wake, akageuka, akafuata tena, akajikuta mbele ya Burgi. Shangazi akatokea upande wa pili, naye mshale wake ukamleta palepale. Walirudi nyuma, wakaanza upya. Mishale ikawaleta tena kwa Burgi. Chini ya theluji mtu ana takriban robo saa, na hiyo ilikuwa ikiyoyoma.

Rosina ndiye aliyeelewa. "Shangazi, tunamtafuta yeye!"

"Sijui kugeuza!" Burgi aliangua kilio. "Sikuwahi! Niliona gunia kutoka dirishani!"

Shangazi alimfikia kwa hatua moja. Alikinyakua kipiipi, akakizima. Mishale yote miwili ikageukia chini, kwenye mdomo wa korongo. Rosina alipiga magoti, akatambaa kwa utaratibu wake uleule, akachoma ufito, akasema, "Hapa." Wakachimba wote watatu. Uso wa Vinzenz ulikuwa wa buluu. Shangazi alimpulizia hewa muda mrefu kabla hajakohoa, na helikopta ya waokoaji ilipofika Vinzenz alikuwa anapumua mwenyewe.

Aliishi. Lakini alirudi kutoka hospitali na mkono wa kulia usiomtii, na daktari akasema ubongo ulikosa hewa mno. Tarumbeta aliyokuwa akipiga katika bendi ya kijiji ilipewa mtu mwingine. Siku Burgi alipomweleza habari ya dirisha, Vinzenz alisema, "Sasa theluji ya mlangoni ni yako yote." Alijaribu kucheka. Burgi hakuweza hata kujaribu.

Wiki ile Burgi alienda kwa shangazi na kipiipi chake. "Nifundishe. Wenzangu wote wawepo."

Watoto walikusanyika uwanjani. Burgi aliwaambia kila kitu, tangu dirisha la zizi hadi korongo. Hakuna aliyemzomea, na hilo lilimuuma zaidi.

"Sikilizeni," alisema Shangazi Zenz. "Gunia halifi. Mbele ya gunia mtu anaweza kusema 'sijui', tukacheka, tukanywa chai, tukaanza upya. Burgi aliogopa kuchekwa hapa, kaka yake akaumia kule. Mkiniahidi kitu kimoja, niahidini hiki: nikiuliza kama mmeelewa, mniambie ukweli, hata kama ukweli ni aibu." Akamgeukia. "Vaa glovu nene. Fumba macho. Geuza."

Burgi alijaribu, vidole vikateleza.

"Sijui bado, shangazi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Vizuri," alisema Shangazi Zenz, akamshika mkono. "Sasa tunaweza kuanza."