Joto Lililomhamisha Mama

Kila asubuhi fundi cherehani alipangusa kiti cha mama yake, ingawa hakikuwa na mtu. Kwa miaka mingi mama alikaa hapo akishona vifungo na kuwatania wateja. Joto la nyumba ndilo lililomfukuza. Alizimia mara mbili mchana, akahamia kwa binti yake mdogo, mbali. Zilibaki simu tu, na simu haimalizi hamu.

Siku moja jirani, mchora ramani za nyumba, alikuja kuchukua gauni. Jasho likamtoka kabla hajaketi.

"Dada, humu unashona au unaoka?"

Fundi alitaka kucheka, akalia. "Namtaka mama yangu. Nataka kununua kiyoyozi ili arudi."

"Kiyoyozi kitakula umeme kutwa. Tupime kwanza. Kwani wewe hukata kitambaa bila kupima?"

Jirani alitundika vipimajoto viwili vidogo, kimoja nje kivulini, kingine juu ya kiti cha mama. Kwa siku tatu vilituma namba kwenye kompyuta yake. Kisha akamwonyesha fundi picha ya nyumba iliyochorwa na kompyuta, joto kali likiwa rangi nyekundu. Chini ya bati palikuwa pekundu tupu.

"Saa nane mchana, nje nyuzi thelathini na moja. Kitini, thelathini na nane. Hewa ya moto hupanda juu. Humu ina njia gani ya kutoka?"

Fundi alitazama juu. Matundu ya juu ukutani alikuwa ameyaziba mwenyewe, ili vumbi lisichafue magauni meupe ya maharusi.

"Kumbe nimemfukuza mimi," alisema.

"Kuteleza si kuanguka, dada. Tuyazibue."

Waliyazibua, wakayawekea wavu mwembamba. Magauni wakayavika mifuko. Wakapiga dari chini ya bati. Kompyuta ilionyesha pia jua la jioni likiingia dirisha la magharibi, basi wakatundika pazia la matete kwa nje. Wakapima tena. Kitini, nyuzi thelathini na mbili.

Fundi akapiga simu. "Mama, nyumba imepoa."

"Usinidanganye, mwanangu."

"Njoo upime mwenyewe."

Mama alikuja, akaketi kitini pake. Ilipofika saa nane mchana, fundi aliacha cherehani, akawa anamtazama usoni tu. Upepo mdogo ulipita juu yao.

"Unanikodolea macho ya nini?" mama aliuliza. "Lete vifungo."